Kunyonya, Kukaa Macho, Kulala: Mwongozo Kamili wa Kupanga Siku ya Mtoto Mchanga

Mwanangu wa kwanza alipofikisha siku 14 nilimpeleka kliniki. Nyumbani nilikuwa nimebandika ukutani ratiba niliyoitoa mtandaoni: kunyonya kila baada ya saa 3, dakika 15 kila titi, saa ya kulala, saa ya kuamka. Niliifuata bila kukosea. Akilia kabla ya wakati nilimbembeleza, nikamwimbia, nikatembea naye sebuleni mpaka dakika zitimie. Nesi alimweka kwenye mzani, akatazama kadi, akamweka tena. Alizaliwa na kilo 3.1. Siku ile alikuwa na kilo 2.8.

Nesi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, kwa siku anakojoa mara ngapi?" Nilijua kila dakika aliyolala, lakini mikojo yake sikuwahi kuihesabu.

Sasa nina watoto watatu, na bado napenda ratiba. Mama asiyejua saa mbili zijazo zitakuwaje huchoka mara mbili. Ila kwa kichanga, mfuatano wa mambo hutangulia saa. Ananyonya, anakaa macho kidogo, analala. Huo unaweza kuanza kuushika tangu wiki ya 3. Saa zenyewe huja baadaye, na anayezileta ni mtoto.

Kunyonyesha kwa kutazama saa ya ukutani ni jambo la zamani. Daktari Truby King wa New Zealand, aliyeanzisha shirika la Plunket mwaka 1907, alihimiza watoto wanyonyeshwe kila baada ya saa 4 na usiku waachwe. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kinyume: mtoto anyonye kila anapotaka, usiku na mchana. Utaratibu ninaoueleza hapa unakaa ndani ya ushauri huo.

Siku 14 za kwanza: hesabu kabla ya ratiba

Wiki mbili za mwanzo kazi ni moja, maziwa yaingie na uzito urudi. Karibu kila mtoto hupungua siku za kwanza. Akipungua asilimia 7, hata kukaribia 10, huku ananyonya vizuri, ni kawaida, na wengi huwa wamerudi kwenye uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Mpaka mzani useme hivyo, weka kando ratiba yoyote.

Kama hali yenu inaruhusu, anza kunyonyesha ndani ya saa ya kwanza baada ya kujifungua. Yale maziwa mazito ya njano, ambayo wazee wengine waliyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, ndiyo dang'a, na ndiyo kinga yake ya kwanza. Yanatoka machache, na machache ndiyo yanayomtosha: siku ya kwanza tumbo lake hupokea kama kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja. Siku ya 3 au ya 4 matiti hujaa.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Akilala na saa 3 zikapita mchana, au 4 usiku, mwamshe. Mvue abaki na nepi, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, msugue nyayo, mpanguse uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mtoto mwenye manjano husinzia sana, na huyo ndiye wa kuamshwa zaidi. Watu watakwambia mtoto aliyelala haamshwi. Mtoto aliyesharudisha uzito, sawa. Huyu wa siku 5, hapana.

Kisha hesabu nepi. Siku ya kwanza mkojo mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu, na kuanzia siku ya 6 nepi 6 au zaidi zenye mkojo usio na rangi kali. Choo cha kwanza ni cheusi, kinanata kama lami. Siku ya 3 kinageuka kijani, siku ya 5 kinakuwa njano. Wanaotumia pempasi hupata shida kujua kama imelowa vya kutosha. Chukua pempasi kavu, mimina vijiko 3 vikubwa vya maji, ishike mkononi. Uzito huo ndio unaoutafuta.

Sasa jinsi ya kushika titi, maana hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Mtoto asiposhika vizuri hashibi, asiposhiba halali, na asipolala unaanza kulaumu usingizi wakati kosa liko mdomoni. Mgeuze akuelekee, tumbo lake kwa tumbo lako, sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Pua yake iwe mkabala na chuchu. Gusa mdomo wake wa juu kwa chuchu kisha ngoja, usimsukumie. Atapanua mdomo kama anayepiga mwayo, na hapo hapo mlete kwenye titi, kidevu kikitangulia. Weusi unaozunguka chuchu uingie kwa wingi, hasa upande wa chini. Mdomo wake wa chini uwe umebinuka nje, mashavu yamejaa, hayabonyei. Sikiliza: atavuta haraka haraka, halafu atatulia na kuvuta kwa kina, na kila baada ya mvuto au miwili utasikia anameza. Ukisikia mlio kama wa busu, au ukiumwa zaidi ya zile sekunde za mwanzo, pitisha kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake, mtoe, aanze upya. Rudia hata mara tano. Mwache amalize titi la kwanza mwenyewe, kisha mpe la pili. Akilikataa, mnyonyo ujao anza na hilo.

Hadi miezi 6 hahitaji maji, hata Dar es Salaam mwezi wa Januari, hata Mombasa. Maziwa yana maji ya kutosha. Glukosi, maji ya dawa ya chango na uji mwepesi vyote vinajaza tumbo dogo na kuiondoa nafasi ya maziwa. Mama anayeishi na VVU na anatumia dawa zake ndiye hasa asichanganye: maziwa yake matupu kwa miezi 6, na mtoto apewe dawa ya kinga kama kliniki ilivyoelekeza. Kama mtoto anatumia maziwa ya kopo kwa ushauri wa daktari, yakoroge kwa maji yaliyochemka yakiwa bado ya moto sana, yapoze, na yakipita saa 2 bila kunywewa yamwage.

Daftari la siku tatu

Uzito ukisharudi, chukua daftari la shule na kalamu, viweke mahali unaponyonyeshea. Chora safu nne: ameamka, amenyonya, nepi, amelala. Andika siku tatu mfululizo bila kubadilisha chochote. Usijaribu kumtengeneza bado. La mwanangu wa tatu lilisomeka hivi:

12:40 asubuhi, ameamka. 12:45 kushoto, kisha kulia kidogo. Mkojo na choo. 1:35 amelala begani.
3:20 ameamka. 3:25 kulia. Mkojo. 4:10 amelala.

Siku ya tatu jioni kaa usome. Karibu kila mara kuna kitu kinajirudia: usingizi mmoja mrefu ambao hukuujua, saa ya jioni ambayo hatulii, pengo la kunyonya ambalo ni saa 2 na nusu mchana lakini dakika 50 magharibi. Huo ndio mwanzo wa ratiba yako. Kichanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, vipande vipande, na daftari litakuonyesha kwamba analala sana kuliko unavyodhani usiku wa manane.

Kusoma dalili kabla ya kilio

Mtoto mwenye njaa huanza kusema kabla ya kulia. Anageuza kichwa huku na huku mdomo wazi, analamba midomo, anapeleka ngumi mdomoni. Kilio ndicho cha mwisho, na mtoto aliyefika kwenye kilio hushika titi vibaya kwa sababu ulimi umeinuka juu. Akifika huko, mtulize kwanza kifuani, halafu mnyonyeshe.

Usingizi nao una dalili zake, na hizi hutupita wengi. Kwanza anakodolea sehemu moja, kama ukuta au pindo la pazia, macho yamekuwa mazito. Kisha anageuza uso akuepuke. Watu wanaona amechoka kubebwa na mmoja, wanampokezana, wanamchezesha. Miayo inafuata, nyusi zinakuwa nyekundu, halafu analia na kujinyonga mgongo. Ukimlaza anapokodoa ukuta, analala kwa dakika tano. Ukingoja ajinyonge, utahangaika saa nzima.

Jua kama saa ya kwanza

Kichanga hajui usiku. Homoni inayoleta usingizi gizani haijaanza kazi vizuri. Huanza kupangika kati ya wiki ya 8 na ya 12. Lakini unaweza kumsaidia tangu mapema kwa mwanga, na sisi tuna bahati mbili. Kwetu jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Dar es Salaam tofauti haifiki saa nzima, wakati mama aliyeko Ulaya wakati wa baridi hulea gizani hadi asubuhi sana. Bahati ya pili ni lugha yetu. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu kucha, saa moja ya asubuhi ndiyo ya kwanza ya mchana. Mtoto naye anataka kuhesabiwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo chagua alama moja tu ya siku: kufungua dirisha kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Fungua pazia, mtoe kwenye neti, msalimie kwa sauti yako ya mchana, mbadilishe, mnyonyeshe kwenye mwanga. Usingizi wa mchana alale sebuleni au chumbani pazia likiwa wazi, redio inasikika, vyombo vinaoshwa. Baada ya magharibi geuza kila kitu: taa hafifu, sauti ya chini, simu mbali na uso wake. Usiku unanyonyesha, unabadilisha nepi ikiwa ina choo au imelowa mno, unamlaza. Huongei naye, humchezeshi, hata akikutazama kwa macho yale mazuri. Hapo panahitaji moyo.

Mzunguko wenyewe

Mzunguko una vipande vinne: kuamka na kunyonya, nepi na kucheua, kukaa macho, kulala. Kwa mtoto wa wiki 3 mzunguko mzima huchukua saa 2 hadi 3, na humo muda wa kukaa macho, pamoja na kunyonya kwenyewe, ni dakika 45 hadi 60 tu. Akifika miezi 2 unakuwa dakika 60 hadi 90. Wazazi wengi wapya hawaamini ni muda mfupi kiasi hicho.

Kwa nini anyonye akiamka badala ya akitaka kulala? Kwa sababu akiwa ameamka vizuri ananyonya kwa nguvu na kushiba, na mnyonyo ule unamfikisha kwenye usingizi akiwa na tumbo tayari. Akinyonya akiwa amechoka anavuta mara kumi, anasinzia titini, anaamka baada ya dakika 20 ana njaa. Hata hivyo, akisinzia titini mara nyingine hujaharibu chochote, na akionyesha njaa kabla ya kulala, mnyonyeshe tena. Mfuatano ni njia ya kupita, ukitoka kidogo unarudi.

Kucheua usikuruke. Mweke begani au mkalishe pajani ukishika kidevu, msugue mgongo kwenda juu dakika tano. Kisha kipande cha kukaa macho: mlaze kifudifudi juu ya kifua chako au juu ya mkeka, wewe ukiwa hapo hapo, dakika mbili tatu ili shingo ipate nguvu. Mwimbie, mwonyeshe kanga yenye maua makubwa. Inatosha.

Akianza kukodoa, mpeleke kulala. Mtoto wa umri huu hushtuka mikono ikaruka, na kanga nyepesi iliyofungwa kifuani humsaidia, mradi miguu ibaki huru kujikunja na nyonga zisibanwe. Kwenye joto kanga moja inatosha. Gusa shingo kwa nyuma, ukikuta jasho mpunguzie. Siku atakayoanza kujaribu kugeuka, acha kabisa kumfunga.

Kumshusha kunahitaji mkono mwepesi. Wengi humlaza kichwa kwanza, anahisi anaanguka, anashtuka. Inama naye hadi kifua chako kikaribie godoro, shusha matako kwanza, kisha mgongo, kisha kichwa. Mkono uliokuwa chini yake utoe polepole, wa pili uuache kifuani mwake kwa pumzi kama kumi hivi. Mara moja kwa siku, tuseme usingizi wa asubuhi ambao huwa mwepesi kuupata, jaribu kumshusha akiwa amelegea lakini macho hayajafumba. Akikubali, vizuri. Akikataa, mbebe, kesho ipo.

Akianza kuguna baada ya dakika 40 au 50, usimnyanyue papo hapo. Mzunguko wa usingizi wa kichanga ni kama dakika 50, na nusu ya usingizi wake ni ule mwepesi wa kutabasamu, kukunja uso, kunguruma na kurusha mikono. Nimewahi kumwamsha mwanangu mara nyingi nikidhani ameamka. Simama mlangoni, hesabu hadi 60. Akifungua macho au akilia kweli, nenda.

Jioni ngumu

Kati ya saa 11 jioni na saa 4 usiku mtoto aliyekuwa mtulivu kutwa nzima anaweza kudai titi kila nusu saa, kunyonya, kuachia, kulia, kudai tena. Hali hii hukua hadi wiki ya 6 hivi, kisha hupungua, na kwenye mwezi wa 3 au wa 4 huwa imepita. Anajaza tumbo kwa ajili ya usiku na kuyaagiza maziwa ya kesho, kwa sababu titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa.

Saa hiyo ndiyo nyumba huwa na watu. Mama mkwe wangu, kwa mapenzi yake yote, alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, maziwa yako mepesi, mtoto ana njaa. Mpe japo maji ya glukosi alale." Nilikuwa na wiki 5 za kukesha na nilitaka kulia. Nilimjibu, "Mama, mikojo ni saba leo, nimeandika. Naomba unishikie nikaoge." Alimshika, akamfunga mgongoni kwa kanga, akazunguka naye uani mpaka akatulia. Mzazi, shika daftari lako wakati huo. Nepi zikiwa 6 na mzani ukipanda gramu 20 hadi 30 kwa siku, maziwa yanatosha, hata kama mtoto analia.

Jioni hakuna ratiba, kuna maandalizi. Kula kabla ya saa 11: mtori, ndizi za nyama, uji wenye pilipili manga, chochote unachopikiwa, na jaza chupa ya maji uiweke karibu. Baba au dada wa kazi ashike watoto wakubwa. Mwogeshe mtoto saa 12 jioni, mpake mafuta, na ukubali kukaa. Kilio kikizidi uvumilivu wako, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika tano, pumua, rudi. Usimtikise kamwe. Ubongo wake hauvumilii.

Usiku

Mlaze chali kila usingizi, usiku na mchana. Uingereza ilipoanza kampeni hii mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Wazee huogopa kwamba atapaliwa akicheua. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula na anajikinga vizuri. Godoro liwe gumu na shuka limekazwa, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Neti yenye dawa ishuke hadi chini ya godoro.

Wengi wetu tunalala na watoto kitandani, na sitawadanganya kwamba sikufanya hivyo. Pazuri zaidi ni mahali pake mwenyewe kando ya kitanda chako. Mkilala pamoja, alale upande wako, si katikati ya watu wazima wala karibu na mtoto mwingine, mbali na mito, na asiwe na pengo la ukuta la kutumbukia. Usilale naye kama kuna aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa za usingizi, wala kama mtoto alizaliwa njiti au na uzito mdogo. Kwenye kochi usilale naye kabisa. Na kwa wa Njombe, Mbeya na kote kwenye baridi: jiko la mkaa lisiingie chumbani mnakolala, hata dakika za kuota moto tu. Moshi wake usioonekana unaua.

Kwenye wiki ya 6 hivi, jaribu kumnyonyesha mnyonyo wa ziada saa 4 au saa 5 usiku kabla hujalala. Wengine hupata saa 4 au 5 mfululizo baada yake. Wa pili wangu alikubali, wa tatu hakukubali mpaka mwezi wa 4. Usingizi wako wa uhakika uko kwenye kipande cha kwanza cha usiku, kwa hiyo baba ashike zamu ya kucheulisha na kubadilisha ili wewe ulale mara tu mtoto anapoachia titi.

Siku ya mtoto wa wiki 7 ilivyokuwa

Dirisha lilifunguliwa saa 1 kasoro robo. Alinyonya, alikaa macho sebuleni, saa 2 akalala hadi saa 3 na nusu, usingizi bora wa siku, nami nikalala naye. Alinyonya tena, akaoteshwa jua la asubuhi barazani, akalala saa 5 kasoro. Mchana mizunguko miwili mingine ilifuata, mmoja wa dakika 40 tu kwa sababu fundi alikuwa anagonga bati kwa jirani. Saa 9 na nusu alasiri alilala mgongoni mwa dada akiwa anazunguka sokoni. Kuanzia saa 11 mambo yalikuwa ya jioni kama nilivyoeleza. Saa 3 usiku alilala. Aliamka saa 7 na saa 10 usiku, akanyonya nimelala kiubavu, na kukicha tukafungua dirisha tena. Linganisha na daftari lako kwa mfuatano tu, wala usilinganishe dakika.

Inapovunjika

Itavunjika. Kwenye wiki ya 2 hadi 3, wiki ya 6 na mwezi wa 3, mtoto hukua ghafla na kunyonya kama wa siku ya kwanza kwa siku mbili tatu. Mfuate. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 humfanya alale sana au alielie siku nzima. Arobaini huleta wageni, na kila mgeni anataka kumbeba. Waambie kwa heshima saa atakayokuwa macho, na akianza kukodoa ukuta mchukue uingie naye chumbani. Safari ya basi nayo itakula siku mbili. Ili kurudi, anza tena na dirisha la asubuhi, vingine hufuata ndani ya siku tatu.

Lakini kuna mambo si ya ratiba, na hayo hayangoji asubuhi: kukataa kunyonya au kulegea asiamke kunyonya, joto la mwili 37.5 au zaidi, au mwili wa baridi chini ya 35.5, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea akivuta pumzi, degedege, manjano iliyofika viganjani na nyayoni, kitovu chenye usaha au wekundu unaosambaa. Nenda hospitali usiku huo huo. Na wewe mama, kama huwezi kulala hata mtoto amelala, kama unalia kila siku zaidi ya wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yanakujia, mwambie mtu leo na uende kituo cha afya. Huo ni ugonjwa na una tiba.

Kumkabidhi mwingine

Tanzania sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua pacha. Maana yake wengi hurudi kazini mtoto akiwa na wiki 11 au 12, wakati ratiba ndiyo kwanza imekaa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku wakati wa kazi. Ziombe kwa maandishi kabla ya kurudi.

Wiki tatu kabla, anza kukamua mara moja kwa siku baada ya mnyonyo wa asubuhi, maziwa yanapokuwa mengi. Osha mikono, weka kidole gumba juu na vingine chini nyuma ya weusi, bonyeza kuelekea mbavu, kisha minya na kuachia. Nje ya friji yasizidi saa 4, na kwenye joto letu yatumie mapema zaidi. Ndani ya friji siku 4. Umeme ukikatika muda mrefu usibahatishe. Yapashe kwa kuweka chombo kwenye bakuli la maji ya moto, kamwe si jikoni moja kwa moja. Dada amnyweshe kwa kikombe kidogo, akiinamisha hadi maziwa yaguse mdomo, mtoto alambe mwenyewe. Kikombe husafishika kuliko chupa na hakimchanganyi na titi.

Siku tatu za mwisho za likizo kaa nyumbani lakini mwachie dada mzunguko mzima, wewe uwe chumba cha pili. Mwonyeshe ukodoaji wa macho, ushushaji wa matako kwanza, kumlaza chali. Mwachie daftari na kalamu, aandike safu zile zile nne. Ukirudi jioni, kabla ya kuuliza alishindaje, vua nguo za barabarani, nawa, mweke titini, kisha lifungue daftari usome ukiwa unamnyonyesha.